Kutiwa stima ya kichwa: kazi ya nasi (muuguzi) kwa mgonjwa wa skizofrenia anayefanyiwa ECT

Taja ECT, yaani matibabu ya kupitisha umeme kichwani, mbele ya familia yoyote hapa Mombasa, iwe Majengo, Likoni ama Mikindani, na jibu litakuja moja tu: "Mwataka kumtia mwanangu stima ya kichwa?" Siwalaumu, manake picha iliyo vichwani mwa watu ni ile ya zamani, mtu amefungwa mikanda kitandani, yuko macho, anapiga kelele, wanaume wanne wamemkandamiza. Hayo yalikuwepo kweli. Lakini ECT inavotakiwa kufanywa leo mgonjwa yuko usingizini, misuli imelegezwa, na umeme wenyewe unapita sekunde chache tu, hazizidi 8. Zilizobaki zote, masaa ya kabla na masaa ya baada, ni za nasi. Ndo maana nataka tuiongee kwa upande huo, sababu maelezo mengi yanamtazama daktari na mashine yake, na mgonjwa wa skizofrenia, maradhi ya akili yanayomfanya mtu asikie sauti na kuamini yasiyokuwepo, haharibikiwi na mashine, anaharibikiwa na vile alivoandaliwa na vile alivoamshwa.

Kwanza tuelewane hii kitu ilitoka wapi. Mwaka 1934 kule Budapest daktari aitwaye Ladislas Meduna alikuwa na dhana kwamba kifafa na skizofrenia havikai pamoja kwenye kichwa kimoja, kwa hivo ukimletea mgonjwa degedege la makusudi labda ugonjwa utarudi nyuma. Akaanza kudunga wagonjwa kafuri, ndio, hii hii kafuri tunayoijua kwenye kuosha maiti. Dhana yenyewe haikuwa sahihi, lakini baadhi ya wagonjwa wakapata nafuu kweli, na hapo ndo watu wakazinduka. Miaka minne baadaye, Aprili 1938, Waitaliano wawili, Ugo Cerletti na Lucio Bini, wakatumia umeme badala ya dawa pale Roma, na mgonjwa wao wa kwanza alikuwa mwanamume aliyepatikana akirandaranda kwenye stesheni ya treni, anaongea maneno yasiyoeleweka. Kwa hivo anayekwambia ECT ni ya huzuni kali peke yake, mwambie ilianzia kwa watu wa aina hii. Dawa ya kulegeza misuli inayotumika mpaka leo ilikuja mwanzo wa miaka ya 1950, kabla ya hapo watu walikuwa wakivunjika mifupa ya uti wa mgongo kwa nguvu za lile degedege. Na miaka hiyo hiyo, 1952, ikatoka klopromazini kule Ufaransa, dawa ya kwanza ya kutuliza akili ya mgonjwa wa skizofrenia, ECT ikarudi nyuma ya foleni.

Na bado iko nyuma ya foleni, hilo lazima familia iambiwe. Mgonjwa wa skizofrenia hapelekwi ECT siku ya kwanza. Anapelekwa dawa zikishindwa, na kushindwa kuna maana yake, amejaribiwa angalau dawa mbili tofauti, kila moja kwa dozi inayotosha na muda wa kutosha, wiki sita hivi, na amezimeza kweli sio kuzificha chini ya ulimi. Kama thuluthi moja ya wagonjwa huangukia huko. Hao hupewa dawa iitwayo klozapini, na klozapini ikikwama ndo watu huongeza ECT juu yake. Kuna utafiti wa Marekani uliotoka 2015, waliochanganyiwa klozapini na ECT nusu yao waliitikia, walioendelea na klozapini peke yake hakuna hata mmoja. Ulikuwa utafiti mdogo, watu 39, lakini ndo maana madaktari wanaichukulia kwa uzito. Njia nyingine ya kufika huko ni katatonia, mtu anaganda, haongei, hali, ukimwinua mkono unabaki hewani pale pale. Huyo hasubiri miezi, anaweza kufa kwa kiu ama kwa damu kuganda miguuni, na ECT humwokoa haraka kuliko vitu vingi.

Kinachotibu ni lile degedege linaloamshwa kwenye ubongo, umeme ni kiberiti tu. Degedege likichukua kama sekunde 25 mpaka 60 daktari anatosheka. Likipita dakika mbili linakatizwa kwa dawa. Vikao ni viwili ama vitatu kwa wiki, jumla sita mpaka 12, na kwa skizofrenia mara nyingi huvuka hapo. Kwa nini linasaidia, wataalamu bado wanabishana, kuna habari za kemikali za ubongo, kuna habari za seli kupata nguvu mpya, mimi sitawauzia jibu moja. Hatari ya kufa ni ndogo, karibu vifo viwili kwa kila vikao 100,000, na sehemu kubwa ya hatari hiyo ni ya nusukaputi na moyo.

Sasa tuje kwa nasi, na tuanze na mdomo wake kabla ya mikono yake.

Mgonjwa wa huzuni ukimweleza ECT ataogopa. Mgonjwa wa skizofrenia anaweza kuogopa na juu yake akawa tayari anaamini jirani anamrushia mawimbi kupitia kwa dishi la televisheni, kwamba kuna waya imepandikizwa kwenye jino, kwamba polisi wanamsoma mawazo. Halafu wewe waja na fomu wamwambia kesho tutapitisha umeme kichwani mwako. Umeshamthibitishia kila kitu! Kwa hivo maelezo hayaachiwi usiku wa mwisho na hayatolewi na mtu asiyemjua. Yatolewe na nasi aliyekaa naye siku kadhaa, kwa sentensi fupi, kidogo kidogo, na kwa ukweli. Usimwambie ni sindano ya vitamini. Najua wodi zingine hufanya hivo "ili asisumbue", na huo ndo ujinga mkubwa kuliko wote, sababu akizinduka na gundi nywelani na kichwa kinauma, sauti zinazomwambia watu wa hapa ni waongo zimeshinda kesi, na kikao cha pili hutampata.

Akisema "nyinyi mwataka kunisoma mawazo" usibishane naye ati hayo ni maradhi. Mwambie, "Mimi hiyo mashine naijua, haisomi mawazo, nitakuwa nimesimama kichwani kwako mpaka uamke. Ukitaka tutaenda kuiona leo." Mpeleke akaione chumba kikiwa kitupu. Muonyeshe kitanda, barakoa ya oksijeni, aguse. Wengine hutulia hapo hapo, wengine wapi, lakini angalau umejua woga wake uko wapi.

Na ridhaa sio sahihi tu. Sheria ya Kenya ya afya ya akili, iliyofanyiwa marekebisho 2022, inampa mgonjwa haki ya kuelezwa matibabu na kukubali ama kukataa, na kuwa na skizofrenia peke yake hakumnyang'anyi mtu uwezo wa kuamua. Wengi wanaweza kabisa kuelewa wakielezwa wakiwa wametulia. Asiyeweza, kama yule aliyeganda kwa katatonia, ndo mwakilishi wake anaingia kwa utaratibu wa sheria. Nasi ndiye anayeona kama mtu amekubali ama ametishwa na kaka yake pale mlangoni, na akiona la pili anatakiwa aseme, hata kama daktari ana haraka. Na mgonjwa anaweza kubadilisha nia baada ya kikao cha tatu. Sahihi ya wiki iliyopita sio pingu.

Familia nayo ina maneno yake. Hapa pwani kabla mtu hajafika hospitali ameshasomewa, ameshanyweshwa kombe, ameshapelekwa kwa mganga, na pengine mama bado anaamini ni jini. Mimi sioni faida ya nasi kuanza vita na hayo. Mwambie, "Mamangu, dua endelea nayo, na sisi tutaendelea na letu, lakini usimsimamishie dawa." Kuhusu hirizi, kama ina chuma ama imefungwa shingoni inabidi itoke kabla ya kikao, ila isivuliwe kimabavu na kutupwa drooni. Mama mwenyewe aivue, aishike mkononi, ampe mwanawe akizinduka. Dakika mbili tu, na umepata mtu wa upande wako nyumbani.

Haya, usiku wa kuamkia kikao. Asile chochote masaa sita kabla, chakula cha mafuta masaa nane, maji matupu yanakoma masaa mawili kabla, na hospitali nyingi hurahisisha kwa kusema hakuna kitu kuanzia saa sita usiku. Sababu ni kwamba akiwa kwa nusukaputi tumbo likiwa na kitu kinaweza kupanda na kuingia mapafuni. Kuandika agizo ni rahisi, shida ni mgonjwa wenyewe. Kuna anayeambiwa na sauti kwamba akifunga atakufa, basi ataiba mkate wa jirani. Kuna wale wenye ugonjwa wa miaka mingi ambao hunywa maji bila kiasi, kwenye mfereji, kwenye ndoo ya kuogea, na hao maji yakizidi chumvi ya damu inashuka, degedege linaweza kuja lenyewe bila mashine. Huyo anahitaji mtu wa kukaa naye, na apimwe uzito na chumvi ya damu. Na kuna jamaa wanaoingia asubuhi na thermos ya chai na mahamri ya moto, kwa mapenzi tu, "hajala tangu jana maskini". Waelezeni jamaa mapema jamani, kwa sababu, sio kwa amri.

Ramadhani ina hesabu yake. Daku ikiliwa saa kumi alfajiri na kikao kiko saa mbili asubuhi, hapo ni masaa manne, haitoshi. Familia hudhani aliyefunga ndo tayari zaidi kwa nusukaputi, wanasahau daku. Ama daku iliwe mapema zaidi ama kikao kicheleweshwe. Mambo ya kulipa funga muulizeni shekhe wenu.

Muguka nao. Serikali ya kaunti ya Mombasa ilitoa amri ya kuupiga marufuku Mei 2024, mahakama ikasimamisha, na wodini bado waingia ndani ya soksi. Muguka na miraa huongeza mapigo ya moyo na presha na huchochea sauti na shuku, na ECT nayo inarusha moyo, unashuka mwanzo halafu unapanda kwa kasi. Ukimkuta mtu na majani shavuni asubuhi ya kikao, kwanza mtoe hayo majani manake yanaweza kumkaba, halafu mwambie wa nusukaputi. Usimfichie mgonjwa kwa huruma.

Dawa ndo mahali makosa hujificha. Mgonjwa hakulala, anazunguka wodi, nasi wa usiku anampa diazepamu atulie. Ni jambo la kawaida. Lakini diazepamu na ndugu zake hupandisha kizuizi cha degedege, asubuhi daktari anabonyeza, degedege linakuja fupi ama halitoki kabisa, anaongeza umeme, na umeme mwingi maana yake ni kusahau kwingi. Kwa hivo kila kidonge cha usiku kiandikwe na kitamkwe kwa mdomo asubuhi. Kabamazepini na valproeti, dawa za kifafa, ni hivo hivo. Lithiamu, dawa ya hisia zinazopanda na kushuka, inaongeza mkanganyiko baada ya kikao, klozapini inafanya kinyume, inashusha kizuizi, hapo nasi atazame degedege lisirefuke wala lisirudi tena wodini. Dawa ya presha kwa kawaida humezwa na maji kidogo tu asubuhi, ya kisukari husubiri mpaka ale, lakini hilo litoke kwa daktari.

Na kuna moja ambayo nasi wengi hawaifikirii. Mgonjwa wa katatonia aliyelala kitandani wiki kadhaa bila kujisogeza, misuli yake imebadilika, na ile dawa ya kulegeza, suksametoniamu, inaweza kuifanya itoe potasiamu nyingi kwa ghafla mpaka moyo usimame. Daktari wa nusukaputi amemuona leo kwa dakika tano, hajui amelala tangu lini. Wewe ndo wajua. Useme.

Asubuhi yenyewe ni vitu vidogo. Aende haja ndogo, sababu degedege humwaga kibofu na hakuna anayetaka kuamka mbele za watu akiwa amelowa. Nywele zioshwe usiku uliotangulia na zikauke, na hapa lazima niseme wazi, mafuta ya nazi marufuku asubuhi hiyo, mafuta huzuia umeme kushika vizuri na ngozi inaweza kuungua. Vibanio vya chuma, wigi, mapambo yote ya shingoni na masikioni yatoke. Meno ya bandia yatoke, meno yanayolegea yatajwe, na kwa wagonjwa wetu wengi meno hayako sawa miaka mingi. Na bi harusi wa wiki jana mwenye piko nyeusi vidoleni, kile kibano cha kidole kinachosoma oksijeni kinaweza kudanganya kwa ile rangi nyeusi, basi kiwekwe kwenye ncha ya sikio. Rangi ya kucha pia.

Ndani ya chumba ni haraka. Oksijeni, usingizi, halafu kabla ya kulegezwa nasi anajaza mpira wa presha kwenye kifundo cha mguu mmoja ili dawa isifike kwenye unyayo, unyayo ule ndo utakaocheza na kuonyesha degedege lipo wakati mwili wote umelala. Kizuizi cha meno mdomoni, manake taya hukaza hata misuli ikiwa imelegezwa, umeme unaigusa moja kwa moja. Nasi anahesabu sekunde na kuandika. Na asisahau kwamba mgonjwa bado anasikia mpaka dakika ya mwisho kabla usingizi haujamchukua. Utani wa watu wa chumbani kuhusu "stima leo iko ama KPLC wamekata" uachwe nje, huyu ni mtu anayesikia sauti zinazomsema.

Kuamka. Hapa ningependa tukae kidogo.

Alazwe ubavu, mate yanyonywe, oksijeni iendelee, presha na mapigo na oksijeni vipimwe kila dakika chache mwanzoni, halafu kila robo saa mpaka atulie. Hayo yameandikwa kila mahali. Ambalo haliandikwi vya kutosha ni kwamba mtu anaamka bila kujua yuko wapi, ni nani, nyinyi ni nani, na huyu ni mtu ambaye hata siku ya kawaida ana shuku. Nafasi tupu kichwani haikai tupu kwa mgonjwa wa skizofrenia, inajazwa. Wamenibadilisha ubongo. Wamenilawiti nikiwa nimelala. Huyu sio mama yangu, amevaa sura yake. Ukichelewa kumpa habari za kweli atajipa zake, na zake huenda zikakaa miezi.

Basi mtu mmoja, sauti moja, ile ile aliyoizoea. "Kassim, ni mimi sista wako. Uko hospitali. Umemaliza matibabu ya asubuhi. Uko salama, mama yako yuko nje." Baada ya dakika mbili useme tena maneno yale yale, usiyabadilishe, usiongeze mengine, usimuulize maswali ya mtihani. Muulize jina, mahali na siku baadaye, uandike alichukua muda gani kujibu sawa, sababu muda huo ukirefuka kikao baada ya kikao daktari anahitaji kujua, anaweza kuhamisha elektrodi, vile vipande vinavyopitisha umeme kichwani, kwenda upande wa kulia peke yake ama kupunguza siku za wiki. Wengine huamka kwa fujo, anataka kushuka, anarusha mikono. Usimkamate kwa watu wanne, utamrudisha kwenye ile picha ya zamani na kumthibitishia shuku. Punguza taa, punguza watu, weka vizuizi vya kitanda, muongoze kwa kiganja wazi. Ikizidi, kuna dawa, muite daktari. Na chai ya kwanza isije mpaka ameze maji kidogo bila kukohoa.

Kusahau ndo malalamiko makubwa na familia isidanganywe. Mambo ya wiki za matibabu na ya karibu kabla yake yanaweza kupotea, mengi hurudi baada ya wiki ama miezi, mengine hayarudi. Tatizo ni kwamba skizofrenia nayo hula kumbukumbu na umakini, kwa hivo bila kumpima mwanzo hutajua kipi ni cha nani. Pima kabla ya kikao cha kwanza hata kwa maswali machache, na umpe daftari aandike mwenyewe kila siku nini kimetokea, kwa mwandiko wake, sio wako. Mwandiko wake ataushuku kidogo kuliko wako.

Anayekuja na kurudi nyumbani asiachwe peke yake masaa 24. Asiendeshe boda wala tuktuk. Asivuke feri ya Likoni peke yake kwenye ule msongamano, anaweza kushuka upande mwingine asijue alikuwa anaenda wapi. Na tafadhali msimtie sahihi kwenye mambo ya shamba ama nyumba ya urithi wiki hizo, na nimeshasikia familia zinazosubiri haswa wiki hizo.

Kikao cha mwisho kikiisha watu hupumua, mgonjwa anacheka, anakula, sauti zimepungua, na hapo hapo dawa zinaanza kurukwa. ECT haibakishi kinga. Bila dawa, ama bila vikao vya kushikilia vya mara moja kwa wiki halafu kwa mwezi, wengi hurudi chini ndani ya miezi. Kwa hivo siku ya kuruhusiwa nasi asimuage mtu mwenye karatasi mkononi tu. Akae na mmoja wa nyumbani, aulize nani atashika dawa, kliniki ni lini, nauli iko ama haiko, na kama ni klozapini kipimo cha damu kitafanyiwa wapi. Anayesahau vidonge aombewe sindano ya kila mwezi kabla hajatoka langoni, kama dawa aliyopewa ina umbo hilo.